Kinyaa na Mgongo wa Bibi Justa

Jumatano. Baridi ya mwezi wa sita, upepo unapuliza tangu alfajiri, na mwanangu Deo ana mafua.

Mnisamehe kwa kukaa kimya muda wote huu. Wengine mliniandikia mkiuliza mtume nini kwa ajili ya Bibi Justa, na mimi sikujibu. Haikuwa jeuri. Mtoto anaota meno, baba yake yuko Wampembe, ziwani, anavua dagaa, na jioni nikikaa tu usingizi unanibeba na sahani mkononi. Lakini leo nimechukizwa kiasi kwamba nisipoandika nitamtukana mtu.

Kwa mliofika leo kwenye ukurasa huu: Bibi Justa ni jirani yangu hapa mtaani Izia, uzio wetu mmoja. Kiharusi kilimlaza, miguu haifanyi kazi tena. Wanawe wako mbali, na mjukuu anayekaa naye anashinda kwenye vibarua. Siku ya kwanza nilienda kurudisha beseni, nikamkuta amelalia mkojo wake na zaidi ya mkojo, anaangalia ukuta. Nikasema nitamsafisha siku hiyo tu.

Sasa ni kila asubuhi.

Sitawadanganya kwamba nimezoea. Harufu inaingia kwenye nywele, inaingia kwenye kanga, nikimega ugali naisikia vidoleni hata kama nimesugua kwa majivu. Kuna siku natoka pale natema mate njia nzima. Na ana kidonda mgongoni, chini kule kwenye kiuno. Hicho ndicho kinaninyima raha. Nesi alisema kikiendelea kuchimba kitafika mfupa, na kikifika mfupa tujiandae.

Na bado naenda.

Tangu nijifungue, Bibi ndiye mtu wa kwanza kuniuliza kama nimekula. Wengine wote wanauliza mtoto. Yeye anamwita Deo "mume wangu", kwa hiyo mimi ni mkwe wake, na hana adabu hata kidogo: "Mkwe, mume wangu ameshiba, namwona. Wewe je? Usinifie, nani ataniosha?" Nacheka huku nimeshika matambara machafu. Kwangu nilikuwa namaliza siku nzima sijacheka. Sijui kama hii niiite furaha, maana inanuka. Lakini ndiyo inayonitoa kitandani.

Sasa leo. Akina mama wa jumuiya ya kanisani walikuja kumtembelea mgonjwa, mimi nikiwa katikati ya kumwosha. Wakasimama mlangoni, kanga puani. Wimbo wakaimbia nje, sala wakasalia nje. Mfuko wa sukari ukasukumwa ndani kwa ncha ya kiatu, kama mtu anavyomsogezea mbwa sahani. Halafu mama mmoja akatoa simu, akaniomba nimfunue Bibi kidogo, ili picha ionyeshe hali halisi.

Hali halisi!

Nilishikwa na kinyaa kuliko siku ile ya kwanza. Uchafu wa mgonjwa una sababu yake. Ule wa mlangoni sikuiona sababu yake.

Nikamwambia, "Shikamoo mama, lakini hiyo simu naomba izimwe. Huyu ni mama wa watu." Bibi akadakia kutoka kitandani, "Mwache apige, mkwe. Ila asubiri nivae kilemba, nisije nikakosa mchumba." Wawili watatu wakacheka, simu ikarudi mkobani, na dakika haikupita wakawa wanaaga.

Nikarudi kumwosha Bibi na hasira zangu. Mara nikasikia mtu anatapika nje.

Alikuwa Mama Pendo, anayeuza samaki wa migebuka sokoni, yule aliyebana pua kuliko wote. Ameinamia uzio. Nilimtazama bila huruma, moyoni nasema vizuri, tapika. Akasukutua kwa maji ya ndoo yangu, akakaza kanga kiunoni, akaingia ndani. Hata pole hakusema. Alisema, "Nionyeshe anavyogeuzwa."

Nikamwonyesha. Peke yangu huwa namburuta, sina namna, na shuka linakwangua kile kidonda. Leo mmoja alishika mabegani, mwingine mapajani, tukamwinua juu kabisa. Mgongo haukugusa kitu.

Bibi hakulia.

Kila asubuhi huwa analia nikimgeuza, hata akitoka kwenye utani. Leo alitushangaa tu, kama mtu aliyejiandaa kupigwa, halafu fimbo isije. Mama Pendo machozi yalikuwa yanamtoka, sijui ya harufu au ya nini. "Mwenzangu, hii kazi inanuka," akasema. "Kesho nije saa ngapi?"

Kwa hiyo leo nawajibu. Sukari ipo, msitume. Kinachotakiwa ni glavu, boksi mbili. Vitambaa vya gozi na plasta za kidonda; chumvi ya maji ya kukioshea tunayo. Nailoni nene ya kutandika juu ya godoro, mita mbili. Mashuka ya pamba manne, yaliyochakaa ndiyo mazuri maana ni laini. Mito miwili ya kumwegemeza ubavu, asilalie mgongo. Sabuni, miche mitano.

Na mtu mmoja wa Jumapili, maana siku hiyo Mama Pendo anafuata samaki ziwani, na mimi sitaki kumburuta Bibi tena hata siku moja. Awe na mikono yenye nguvu. Kinyaa aje nacho.