Kuoa kwa Kiingereza

Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo
Jumapili mchana

Kaka yangu Safari,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Tunduma, na kwamba kile kikohozi ulichoondoka nacho baada ya Idd kimekwisha. Mama anauliza kama unavaa lile sweta alilokupa au umeligeuza mto. Sisi hatujambo. Joto ni lilelile, na umeme hukatika pale tu mtu anapotaka kupiga pasi. Mama yuko barazani anashona sare za shule, maana msimu umeanza. Barua nitampa Augustino wa nyumba ya pili, anayekuja huko kufuata mzigo wa mchele. Ningeweza kupiga simu, lakini nikigusa habari hii kwenye simu wewe hukata, nami unanijua, ukishakata siwezi kupiga tena. Naomba uisome yote kabla hujakasirika.

Nianzie shuleni. Sisi wa kidato cha tatu tumepata mwalimu mpya wa Kiingereza, Mwalimu Hyasinta, mwenyeji wa Mbinga. Hafundishi kama wale tuliowazoea, wa kunakili ubaoni mpaka kengele. Amebandika ramani ya dunia ukutani, na kila wiki tunachagua mahali pamoja, tunajifunza watu wa huko wanaishije na wanagombania nini, na mabishano yote ni kwa Kiingereza. Wiki moja tulikuwa Japani, tukazungumzia wazee wanaoishi peke yao. Nyingine tulikuwa Brazili, tukabishana kuhusu misitu mpaka Beno, yule mcheshi wetu, akapanda juu ya dawati. Mimi nilikuwa msikilizaji. Maneno ninayo, nimeyasoma vitabuni, lakini yakifika kooni yanapanga foleni na hakuna anayetaka kutangulia.

Ikaja wiki ya ndoa. Tuliposoma kwamba India kuna familia za bibi harusi zinazotoa mali kumpa bwana harusi, Beno alisema anahamia India kesho. Mwalimu akamjibu kwamba sheria ya huko inakataza, kwa hiyo afungue mizigo yake. Kisha akatuambia tuandike sentensi chache kuhusu harusi ya nyumbani kwetu. Mimi nikaandika ya Shangazi Siwema: "My aunt Siwema was married by Uledi." Nilijiamini kabisa, kwa kuwa shangazi ameolewa na Uledi na dunia nzima inajua.

Mwalimu alipoisoma alicheka, si kwa dharau, akauliza huyo Uledi ni shehe wa msikiti gani. Maana kwa Kiingereza, kaka, nilichoandika ni kwamba Uledi ndiye aliyemwozesha shangazi! Darasa likaanguka kicheko. Beno akanipigia kelele kutoka nyuma kwamba ningesema mapema, Uledi amfungishe ndoa na yeye. Nikatamani kuingia chini ya dawati. Lakini Mwalimu aliwanyamazisha, akakusanya madaftari, na kumbe karibu kila mmoja alikuwa ameandika vilevile. Akatueleza kwamba Kiswahili kimegawa kazi: mwanaume anaoa, mwanamke anaolewa. Kiingereza kina neno moja tu, na wote wawili wanalishika upande uleule. Wavulana wakapinga. Beno alitaka kujua, mwanamke akioa, mwanaume afanye nini, apakwe hina? Mwalimu alisema hilo tukawaulize wanawake wa nyumbani kwetu. Kila mtu amhoji mmoja, amuulize ndoa yake ilianzaje, nani alifanya na nani alifanyiwa, halafu aandike kwa Kiingereza na kusoma mbele ya darasa.

Nilimhoji Mama jioni, wakati anatunga uzi. Nilipomuuliza ndoa yake na Baba ilianzaje alicheka, akasema yeye aliambiwa tu. Alikuwa anachambua mchele, akaambiwa Jumapili unaolewa, naye akamalizia kuchambua. Akaongeza upesi kwamba Baba alikuwa mtu mwema na hilo nisiache kuliandika. Basi nikamsimulia kituko cha Uledi, ili acheke tena. Hakucheka. Aliondoa mguu kwenye cherehani, akaniomba nirudie ile habari ya neno moja. Nikarudia. Akakata uzi, akasema, kumbe wapo watu wenye neno hilo.

Sasa kaka, lazima nimtaje Bwana Hafidhi. Najua humtaki hata kwa jina. Lakini unakumbuka alivyokuwa akija kutoka Mchafukoge na kisanduku chake kutengeneza cherehani cha Mama, na majirani wakimtania, cherehani gani hiki kinaumwa kila Ijumaa? Unakumbuka pia siku ya Idd, alipotuletea samaki wa soko la Feri na wewe ulikuwa umeshasikia kwamba ameposa. Ulimwambia palepale barazani, mbele ya watu, kwamba hatafuti mke, anatafuta chumba cha Kariakoo na cherehani cha bure, na kwamba mama yako haolewi tena ungali hai. Yeye alisema tu, "Nimekusikia, mwanangu," akaweka samaki chini, akaondoka. Hajakanyaga hapa tangu siku hiyo. Cherehani sasa anapelekewa kijana mmoja wa Mtaa wa Kongo, anayekirudisha kibovu kuliko kilivyokwenda. Mama halalamiki. Ameacha tu kuimba akishona, nami sikuwa najua kwamba nyumba inaweza kukosa sauti hivyo.

Jioni ile ndipo aliponiambia, na ameniruhusu nikwambie. Bwana Hafidhi hakumtaka Mama. Mama ndiye aliyemtaka Bwana Hafidhi.

Alimwambia mwenyewe, kwa kinywa chake: "Hafidhi, mimi na wewe tumeshafika mahali pa kuulizana habari za magoti na dawa. Kwa nini usinioe?" Mwenzake akaangusha skrubu, wakainama wote wawili kuitafuta chini ya meza mpaka ikapatikana. Ndipo akamjibu kwamba atakwenda kwa Mjomba Abubakary kuposa kama ada inavyotaka, na mtu asijue kwamba ameanza mwanamke. Alisema kukiwa na maneno, yaje kwake. Yakaja, kaka. Uliyasema wewe, naye alikuwa na sentensi moja tu ya kujitetea, akaimeza ili Mama asichekwe mtaani.

Niliyaandika kwa Kiingereza kama habari ya "mwanamke mmoja ninayemfahamu", na zamu yangu ilipofika nikasimama nikayasoma. Sauti ilitoka. Beno akauliza, kwa upole ambao sijawahi kuuona kwake, kama yule mwanaume alikubali. Nikasema ndiyo. Akauliza, basi huyo mtoto wake anakataa nini? Nikakosa jibu kwa Kiingereza, nikalitafuta kwa Kiswahili, nako halikuwepo. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Mama anasema akikueleza yeye atalia, nawe utadhani analia kwa sababu nyingine. Mjomba ameridhia kuwa walii wa kumwozesha, na ndoa itafungwa Ijumaa ya kwanza baada ya mitihani yangu. Mama hakuniagiza nikuombe ruhusa, kaka. Ameniagiza nikuombe uje. Anasema umetulea tangu Baba atutoke, ukaacha shule kwa ajili yetu, na hilo halisahau hata anapolala. Lakini furaha yake haitakuwa nzima kama upande wako wa mkeka utakuwa mtupu. Bwana Hafidhi naye nilikutana naye Mnazi Mmoja nikitoka shule. Aliniuliza hali yako kabla hajauliza ya Mama.

Shangazi Siwema anakusalimu sana, na Uledi wake pia, ambaye sasa darasa zima linamwita shehe na yeye mwenyewe amelipenda jina. Mjomba anasema barabara ya Tunduma ina urefu uleule kwa kwenda na kwa kurudi. Mkaribishe Augustino chai, maana hakutaka nauli ya barua.

Mama anakushonea kanzu ya siku hiyo. Ameshakata kitambaa, lakini mabega ameyaacha, kwa kuwa hajui kazi ya kubeba mizigo imekupanua kiasi gani. Kitambaa kimekunjwa juu ya cherehani. Kama huna la kusema, usiseme. Tuma kipimo cha mabega tu, kaka, naye ataelewa.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Najma