Baada ya Wimbo wa Tatu

Alhamisi, 6 Juni
Mji wa pili. Tamasha letu lote ndilo hili: filamu za wanamuziki, gari moja, pazia jeupe na spika zangu. Na filamu ya marehemu baba ndiyo inayojaza ukumbi! Kaitengeneza rafiki yangu tangu darasa la kwanza, tunayemwita Kamera. Kaseti ya mazoezi ya bendi ya baba nilimpa mimi. Sharti moja tu: baada ya wimbo wa tatu, zima. Aliapa.
Jumanne tunamalizia nyumbani. Mama ameshashonesha gauni.

Ijumaa, 7 Juni
Kawaida napima sauti mwanzo wa filamu tu, kisha natoka kukaa na jenereta lisije likazima. Filamu nzima sijawahi kuiona. Leo dereva alinipokea zamu ya jenereta, nikabaki ndani.
Wimbo wa tatu ukaisha. Kaseti ikaendelea!
Baba huyo, anamwambia mpiga tarumbeta kwamba mke kamchosha, kwamba ni huyu mtoto tu aliyemfunga miguu, la sivyo angekuwa mbali. Watu wakacheka. Mtoto mwenyewe ndiye mimi. Miaka yote nimeificha kaseti ile, maana mama huwaambia majirani kuwa mumewe aliacha safari za bendi kwa kumpenda yeye.
Kamera kanigeuka.

Jumapili, 9 Juni
Nimemvaa. Eti pale ndipo penye roho ya filamu. Roho ya nani? Nikamwambia akate. Hakati. Bado ananiita dada yangu — huku ananichinja! Kaniletea chai, nimeimwaga mbele yake.

Jumanne, 11 Juni
Naandika kwenye meza ya mitambo, filamu inaendelea. Mama yuko mstari wa mbele, gauni jipya, shingo juu. Nimeamua: pakifika pale nashusha sauti. Liwalo na liwe.
Wimbo wa pili. Mama anaufuata kwa midomo.
Wa tatu.
Nimeshusha. Picha ya baba imejaa pazia, kimya. Miluzi! Sauti, sauti!
Kamera kaja mbio. Ananong'ona: pandisha, mama yako alishaisikia. Anasema alimpelekea kabla hatujaanza safari, na mama mwenyewe ndiye aliyetaka iachwe ilivyo, amechoka kuficha, ila mimi nisiambiwe.
Mwongo wee, nimemwambia.
Ila mama amegeuka. Haitazami picha ya baba, ananitazama mimi. Kainua kiganja, anakipandisha taratibu, vile alivyokuwa akiniashiria utotoni niongeze redio.
Kumbe ni wote wawili. Walikaa sebuleni kwetu, wakaisikiliza, wakapatana — na mimi niko nje nafunga spika garini.
Ukumbi mzima unanisubiri. Mama hajashusha kiganja. Mkono mmoja naandikia, mwingine uko kwenye kitufe. Haujapanda.