Kisima cha Kiwengwa na Hesabu Zako

Mwanangu Salma,

Assalaam alaykum. Hujambo, mamangu? Kile kifua kimepoa, au hewa ya Mtwara bado inakusumbua? Sisi hapa kisiwani, Malindi, wazima, alhamdulillahi, isipokuwa moyo wangu haujatulia tangu simu yako ilipokatika.

Uliniambia wakubwa wako kazini wanataka uandike na utie saini kuwa kile kisima cha gesi kinaweza kutoa zaidi ya hesabu zako zinavyosema. Ukaniuliza, "Mama, na kama mie ndo nimekosea?" Mtandao ukakata. Nimepiga na kupiga, hupatikani.

Basi nakumbuka kisima cha bibi yako kule Kiwengwa. Ami yako Haji alipotia pampu akawa anajigamba, "Vuteni mpaka mchoke!" Haukupita muda bibi akaonja chai, akaitema. "Nani katia chumvi humu? Mnataka mnirithi upesi?" Ulicheka mpaka ukapaliwa. Kumbe maji ya bahari yalikuwa chini ya yale matamu, na pampu imeyavuta juu. Ikazimwa, tukangoja, tukangoja. Utamu wa mwanzo haukurudi tena.

Halafu Idi hii uliyokuja, ukanifungulia kompyuta ukanionesha gesi inavyopenya ndani ya mawe, na rangi ya buluu imevimba chini ya kisima kama kichuguu.

"Haya ni maji, mama. Tukifungua sana yanapanda, yanaizibia gesi njia."

"Kumbe kama cha Kiwengwa!"

"Naam. Ila kule tulionja. Huku chini hakuna anayeona, napiga hesabu tu."

Neno hilo ndilo linalonikosesha raha. Mie nimeishia darasa la saba, siwezi kukwambia hesabu zako ni sahihi. Naogopa wakikuachisha kazi. Naogopa zaidi uandike usichokiamini, kisha kisima kiharibike na jina lako liko pale. Kila nikitoa salamu ya sala nakuombea. Ukikosea kwa nia safi, mwanangu, Mungu anasamehe, na chumba chako kipo, shuka nshazifua. Lakini jina lako usilitie kwenye jambo ambalo moyo wako unalikataa.

Mpaka leo, kabla sijabandika chai, naonja maji kwanza. Asubuhi hii nimeonja, matamu, na chai yenyewe imepoa nikikupigia simu.

Tafadhali nijibu upesi, hata kwa neno moja: umetia saini, au hujatia?

Mama yako