Koti la Kiwandani

Dadaab, Jumatano

Laiti kaka yangu Abdi asingeweka ile simu kwa sauti kubwa.

Aabo, baba yetu, alikuwa ameketi mlangoni mwa duka letu, anakunywa chai. Binamu yetu alipiga kutoka Somalia, akasema kile kiwanda cha ngozi cha serikali, alikofanya kazi Aabo enzi za ujamaa, kiliuzwa kitambo na mashine zikakatwa kuwa vyuma chakavu.

"Aliyeuza ni nani?" Aabo aliuliza. "Sisi tuliambiwa ni chetu."

Abdi akacheka. "Aabo, siku hizi kila kitu ni soko."

Kicheko hicho bado kinaniuma. Tangu nipate akili zangu hapa kambini, kila Ijumaa Aabo hufua koti lake la bluu la kiwandani na kulianika, ili siku akiitwa kazini liwe safi. Wallahi sijawahi kumuuliza nani atamwita.

Baada ya swala ya alasiri aliniletea koti hilo pamoja na mkasi.

"Kata, utapata vitambaa vya kufutia meza ya duka."

Alisimama akiniangalia. Nikaanza na mkono mmoja wa koti, polepole, nikingoja anizuie.

Hakunizuia.