Matairi ya Bushiri

Jumatatu, 2 Desemba 1957. Mbeya

Tairi la nyuma, upande wa kushoto, limepasuka leo katika njia ya Tukuyu. Mvua ilikuwa imeanza. Landrova iliteleza, ikageuka, ikatazama ilikotoka. Ndani yake walikuwamo mke wangu Mwanahawa na binti yetu Chiku, wakirudi mazikoni. Hakuna aliyeumia. Ndugu yangu Yunusu, aliyekuwa kwenye usukani, anasimulia habari hii kwa kucheka!

Jioni nilipima matairi yaliyosalia kwa rula. Mawili ni vipara kabisa. La tatu limebakiwa na meno ya unene wa shilingi moja. La akiba halistahili jina hilo. Siku tuliyolinunua gari hili, mimi na Yunusu, kwa mkulima Mzungu wa kahawa kule Mbozi, nilisema kwamba matairi hayatavuka masika ya pili. Hayakuvuka. Kusema kweli mapema hakumfaidii mtu kitu, ikiwa waliosikia waliendelea kutafuna miwa.

Tutanunua mapya. Lakini hatutanunua kama wanunuavyo watu wa mji huu, kwa kunyooshewa kidole na mwenye duka.

Jumatano, 4 Desemba

Nimechora jedwali. Aina ni tatu. Kwanza, tairi la meno makubwa: hushika tope, lakini hunguruma katika barabara kavu na huchakaa upesi. Pili, la mistari: tulivu, la kudumu, na halifai kitu mvua ikinyesha. Tatu, tairi kuukuu lililovalishwa ngozi mpya. Hili la tatu nimelifuta. Kitu kilichochoka ndani hakiponywi kwa nguo.

Fundi Philbert, Mhehe anayetutengenezea gari, ana rai ya nne. Anasema lipo tairi lenye mstari katikati na meno pembeni. "Hilo Maalim linakwenda kote, tope linakwenda, vumbi linakwenda. Lakini hapa Mbeya huwezi kulipata, labda Iringa." Nimekwenda duka kwa duka. Kipimo chetu, saba kwa kumi na sita, hakipo. Mzigo umekwama njiani. Huenda ukafika baada ya wiki tatu, huenda usifike.

Yunusu alichungulia jedwali langu juu ya bega. "Kaka Maalim, unanunua tairi au unaoa?"

Ijumaa, 6 Desemba

Barua ya pili kutoka Iringa. Bushiri, mfanyabiashara wa mchele, anauliza kwa adabu iwapo posa yake kwa Chiku imepata jibu. Ana miaka arobaini na mbili. Ana mke. Chiku ana kumi na saba, na Januari ataingia chuo cha ualimu, nafasi niliyoipigania mwaka mzima mbele ya watu waliodhani kwamba mtoto wa kike wa Kiislamu hana haja ya kujua kugawanya. Barua ya kwanza sikuijibu kwa "ndiyo" wala "hapana". Nilijibu kwamba nitajibu. Sitaki kumvunjia heshima mtu ambaye nusu ya jamaa zetu wa Iringa hula kwake. Nitamwandikia mwisho wa mwezi, kwa maneno yaliyopimwa.

Yunusu anakwenda Iringa kesho na magunia yake. Nimempa karatasi yenye mambo matatu: aulize tairi la Philbert, apime kina cha meno, arudi na habari. Chini yake nimeandika USINUNUE, nikapiga mistari miwili.

Alhamisi, 12 Desemba

Yunusu amerudi saa kumi na moja jioni. Gari limevaa matairi manne mapya!

Nilitoka nje nikiwa na maneno makali tayari mdomoni. Kisha nikayaona. Mstari katikati, meno pembeni. Kipimo chetu barabara. Nikapiga magoti na rula: kina ni kilekile, ndani na nje, magurudumu yote manne. Kiwandani hawakukosea hata unywele. Nikiri hapa, mahali ambapo hakuna asomaye, kwamba moyo wangu ulifurahi kama wa mtoto.

Nilimwambia Yunusu: "Umevunja amri yangu, lakini umechagua vema. Nimeyaridhia."

Alinitazama kwa namna ya ajabu. "Umeyaridhia kweli, kaka?"

"Nimeyaridhia."

"Alhamdulillahi," akasema, na akaingia ndani upesi mno kwa mtu aliyechoka.

Ijumaa, 13 Desemba

Ninaandika polepole ili kalamu isitoboe karatasi.

Tulikwenda msikitini kwa gari. Kabla ya sala niliwaonyesha watu matairi. Niliwaeleza mimi mwenyewe, kwa kidole changu, sababu ya mstari na sababu ya meno. Baada ya sala mzee Saidi wa kushona kanzu alinishika mkono, hakuuachia. "Mabruki, Maalim! Pilau lini?" Nikauliza pilau la nini. Wakacheka wote. "Anajifanya hajui! Gari limevaa viatu vya mkwe, mwenyewe anauliza pilau la nini!"

Matairi ametoa Bushiri.

Yunusu alikiri njiani, macho yake barabarani. Alikuwa akisoma karatasi yangu dukani Iringa. Bushiri akaingia, akaichukua, akaisoma, akacheka mpaka akatoa leso. Akaagiza manne, yakafungwa palepale, mbele ya wazee watatu aliowaita kutoka barazani. Akasema: "Haya ni salamu za nyumba yangu kwa nyumba ya Maalim. Akiyarudisha, nimefahamu. Akiyapanda, nimefahamu."

Hapa kwetu hakuna asiyeijua desturi hii. Posa ikiwa mlangoni na mwenye kuposa akatuma kitu, kitu hicho huwekwa kando, hakiguswi, mpaka jibu litoke. Ikiwa ni kanga, haivaliwi. Ikiwa ni mbuzi, hachinjwi. Kikitumika, jibu limetoka. Hata Wahehe wasioijua Fatiha wanalijua hilo.

"Kwa nini hukuniambia jana?"

"Kaka, ulisema umeridhia! Mara mbili! Nikadhani umekwisha fahamu. Nani Iringa angetupa matairi manne kwa ajili ya uzuri wangu?"

Ndugu yangu ni mjinga, na anastahili ghadhabu hii. Lakini mimi nilipiga magoti mbele ya magurudumu manne, nikauliza kina cha meno, nisiulize yametoka kwa nani.

Jumamosi, 14 Desemba

Nimefungua vitabu tangu alfajiri. Hoja yangu ni imara. Hiba haitimii ila kwa ridhaa na kukabidhi. Aliyekabidhiwa ni Yunusu, ambaye hakuwa wakili wangu ila katika kuuliza na kupima. Tena maandishi yalimkataza. Ridhaa yangu ilihusu matairi, si sharti lililofungwa ndani yake, kwa maana sikulijua. Mtu haridhii asilolijua. Mbele ya kadhi yeyote ningeshinda.

Lakini hakuna kadhi barazani kwa mshona kanzu. Kuna watu walioniona nimekaa kiti cha mbele.

Nimemwita Philbert ayavue. Alikuja na jeki, akazunguka gari mara moja, akajikuna. "Nitayavua Maalim, kazi yangu. Na tutavaa nini?" Yale ya zamani, nikasema. Philbert akamtazama Yunusu. Yunusu akatazama mbingu.

Amempa Jailos! Jailos, mshona katambuga wa Mwanjelwa. Alipitia kwake juzi kabla hajafika nyumbani, kwa sababu, asema, "Vipara vile vya nini tena, kaka?" Nikaenda kwa miguu. Nilimkuta Jailos amekaa juu ya tairi langu la akiba kama mfalme, kisu mkononi, na mbele yake safu ya viatu.

"Karibu Maalim! Hili la kulia limetoa pea tano, mpira mzuri sana wa zamani. Mguu wako namba ngapi? Nikukatie bure, sherehe yenu inakuja."

Wanawake wa ndizi walikuwa wakisikiliza. Mmoja akasema kwa sauti kwamba baba mkwe ana haki ya kuvaa viatu vipya, gari lake limekwisha vaa. Walicheka mpaka mmoja akaangusha mkungu.

Nimerudi nyumbani.

Jumapili, 15 Desemba

Kikao. Mimi, Mwanahawa, Yunusu.

Nilitoa shauri kwamba matairi yavuliwe, yapakiwe kwenye lori lolote linalokwenda Iringa, pamoja na barua yangu. Gari lisimame juu ya mawe mpaka mzigo wa dukani ufike. Ni safi, ni sahihi.

"Bushiri ameandika barua mbili," Mwanahawa akasema, "na hujamwambia hapana. Sasa unataka lori liseme? Kitu cha posa anakirudisha baba wa binti kwa mkono wake, mbele ya walewale walioona kikitolewa. Ukikituma kwa lori, Bushiri atasema umekasirikia rangi yake, umetaka nyekundu."

Anasema kweli. Nimekasirika zaidi kwa sababu anasema kweli. Basi kwenda Iringa ni lazima. Maili mia mbili na zaidi. Tutakwenda na nini? Basi halipakii matairi manne ya mtu. Na gari letu halina miguu mingine ila hiyo hiyo! Ili nimrudishie Bushiri matairi yake, yanipasa niyapande mpaka mlangoni pake. Kila kijiji kitatuona tukipita juu ya jibu tunalokwenda kulikanusha.

"Nendeni usiku," Yunusu akasema.

"Mwizi ndiye anayekwenda usiku," nikamwambia. "Mimi nitakwenda mchana." Tutakwenda nayo, tutayavua mbele ya baraza lake, na gari litakaa juu ya matofali Iringa mpaka nipate mengine. Hata likikaa mwaka.

Mwanahawa ametaka Chiku aende nasi. Nikauliza kwa sababu gani. "Kwa sababu wewe ukifika kule utatoa hotuba," akasema.

Jumanne, 17 Desemba. Nyololo

Tumesimama hapa tangu saa sita. Mbele lori limekwama tope, limeziba njia, watu wanalisukuma. Niko ndani ya mkahawa wa mama mmoja wa Kibena, Severina. Yunusu yuko kwa wasukumaji. Chiku amebaki garini, hataki chai.

Nitaandika lililotokea njiani, maana linanichoma.

Matairi haya ni mazuri. Nalichukia jambo hili. Chimala kulikuwa na tope la magoti. Magari mawili yalilala pembeni. Sisi tulipita kama juu ya mkeka. Nilikuwa nikifanya mazoezi ya maneno yangu kwa sauti: kwamba mwanangu ana nafasi chuoni, kwamba ualimu ni amana, kwamba baba hana haki ya kuivunja.

Chiku akasema kutoka kiti cha nyuma: "Baba, wakikuuliza mimi nimesemaje, utawaambia nini?"

Nikasema nitawaambia hutaki.

"Ulijuaje?"

Yunusu alikohoa. Nikamwambia Chiku kwamba hilo ni wazi, halihitaji kuulizwa.

"Simtaki Bushiri," akasema. "Umebahatisha. Lakini na chuo hicho sikukitaka. Mimi nilitaka uuguzi. Nilimwambia mama, mama akakwambia, ukasema umekwisha linganisha vyuo vyote na hiki ndicho bora. Bushiri hakuniuliza. Na wewe hukuniuliza. Ninyi wawili mmeandikiana barua."

Nilikasirika. Nilimwambia maneno kuhusu adabu, maneno marefu. Alisikiliza yote. Kisha akasema, "Naam, baba," kwa sauti ambayo mtu humwitikia karani. Tangu hapo hatujasemezana; zimepita saa mbili sasa. Nimetafuta kosa katika hoja yake. Nimeipanga upya mara tatu. Ninazidi kukasirika, na sijui tena ninamkasirikia nani.

Lori limetoka topeni. Watu wanashangilia. Nyuma yake, kutoka upande wa Iringa, inakuja pikapu ya kijani. Inasimama.

Ni Bushiri. Kanzu nyeupe, koti, na wazee wake watatu nyuma ya pikapu. Kwa hiyo alikuwa njiani kuja Mbeya, kwetu. Anaitambua Landrova. Anashuka kwa furaha, mikono wazi. Yunusu amejificha nyuma ya lori, mpuuzi. Bushiri hanioni humu ndani. Severina ameegemea mlango. Bushiri anakwenda moja kwa moja kwenye gurudumu la mbele, anainama, anapigapiga tairi kwa kiganja kama mtu anayesifu ng'ombe. Anawaita wazee wake waje watazame. "Yamekwisha zoea njia!" Nimelisikia hilo mpaka hapa. Wanacheka.

Yanipasa kutoka. Maneno yangu yote yako tayari, na silipati hata la kwanza.

Severina anasema, "Mzee, yule ni binti yako?"

Chiku ameshuka garini. Hakunitazama huku, hakumtafuta baba yake mdogo. Amezunguka mbele ya gari, amesimama baina ya Bushiri na gurudumu. Bushiri amemnyooshea mkono apokee shikamoo. Shikamoo haikutoka. Chiku anazungumza, kwa utulivu, mikono imefungwa mbele. Simsikii kwa kelele za lori. Mzee mmoja ametazama chini. Bushiri ameacha kucheka.

Bado anazungumza.