Lori la Mabata

Mjukuu wangu Anjela,

Marahaba, mama. Huku Kinole hatujambo. Shangazi yako kajifungua wa kike, na ndizi mwaka huu zimekubali. Unauliza utajuaje kama ujumbe uliopita kwenye waya umefika bila kuharibika.

Enzi za Ujamaa nilikuwa karani wa simu hapa kijijini. Waya ulikuwa mmoja, tukiutumia pamoja na Bigwa na mjini, na kila aliyeinua simu aliwasikia wengine. Siku moja niliagiza mabati ya kuezekea darasa. Mvua ilikuwa inanyesha, waya unakoroma. Lori likaja na mabata.

Mwenyekiti akashika kiuno. "Sasa tuezeke kwa manyoya?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Tangu hapo nikakubaliana na Thomasi, karani wa mjini: anayepokea arudie alichosikia, ndipo mtumaji aseme ndiyo. Hatukukosea tena.

Ila mchana mmoja Thomasi alininong'oneza simuni, "Nataka kukuoa."

Sheria ni sheria. Nikarudia kwa sauti, "Unataka kunioa?"

Kabla hajajibu, karani wa Bigwa akadakia, "Ndiyo! Hata huku imefika vizuri!"

Babu yako anakusalimu. Mpaka leo anaona haya kupita Bigwa.

Bibi yako,
Skolastika