Nyarsindo Hatoki Bomani Kwangu

Jumapili, 4 Agosti 1996

Leo sikuenda kanisa. Nilikuwa na kazi. Nimepanda vijiti vipya vya mtini. Veranda imejaa, ukuta wa nyumba ya kuku umejaa, na sasa karai ya kuogea pia imejaa. Truphena, mama watoto wangu, ametoka kanisani akakuta karai ina udongo. Ameuliza ataogea wapi. Nikamwambia mto uko palepale ulipokuwa jana.

Rangwe nzima hakuna mtu ana mitini kama mimi. Hata misheni ya Asumbi, mahali nililima bustani ya mapadre nikatoka na kijiti cha kwanza ndani ya koti, hawana tena. Yao ilikauka. Yangu inazaa. Na wao walisoma mpaka Roma, mimi nilisoma ngumbaru peke yake, darasa la watu wazima.

Truphena anasema nigawe kidogo, tupate njia ya kupita. Nilijaribu! Juzi Filister jirani alikuja kuomba, nikamchagulia ule dhaifu kabisa, nikamsindikiza. Kufika kwa geti nikaona anaubeba kwa shina, kama sungura aliyekufa. Nikarudi nao nyumbani. Filister hanisalimii siku hizi. Vizuri, naokoa mate.

Jumatano, 7 Agosti

Kijana wangu Wesley amesema wakwe wanakuja Jumamosi. Msichana ni Bhoke, Mkuria wa huko karibu na Isebania. Baba yake, mzee Gisiri, anataka kuchagua ng'ombe wa mahari kwa macho yake mwenyewe. Achague. Ng'ombe ninao. Si kama watu fulani hapa wanaooa kwa ahadi.

Nimemwosha Nyarsindo majani kwa kitambaa. Huyu ndiye namba moja. Nilimtoa Sindo akiwa kijiti, kwa mama mmoja muuza samaki aliyekuwa anafungia mbuzi kwa mti wake. Jina ni hilo basi, binti wa Sindo. Yuko kwa debe la mafuta ya kupikia, na matunda yake ni meusi, makubwa, ukipasua ndani ni kama nyama.

Kitambaa kumbe kilikuwa leso ya Truphena. Kelele mpaka jioni.

Jumamosi, 10 Agosti

Wamekuja. Gisiri ni mfupi, macho kama ya mwewe. Alizunguka zizi akiwa na fimbo, akaonyesha huyu, huyu, na huyu. Ng'ombe nane. Niliwatoa kama mtu anakohoa. Hata yule mweusi anayekamuliwa na Truphena. Wakuria wenyewe waliangaliana.

Wakati wa kuondoka mzee akasimama kwa veranda. Akachuma tunda moja la Nyarsindo bila kuomba. Akatafuna. Akachuma lingine. Akasema, "Mkwe, na huyu pia."

Sisi hatubishani na mkwe. Mkwe akisema, unatazama chini. Nikatazama chini. Nilikuwa natafuta neno la heshima lenye maana ya toka hapa. Kabla sijapata, ametoa kisu kwa mfuko akakata jani la juu, kipande kidogo pembeni, vile wanakata sikio la ng'ombe kumtia alama. Wakaenda, mahari ifuate Ijumaa.

Mshenga wetu Elijah anacheka tu. Ati, "Mzee, mbele ya mkwe ukinyamaza, umekubali."

Jumatatu, 12 Agosti

Nimemtuma Elijah Isebania. Aseme naongeza ng'ombe wa tisa, Nyarsindo abaki. Elijah ameniuliza mara mbili kama nina homa. Truphena alikuwa anachambua mboga, akasema bila kuinua kichwa, "Siku ya kunioa mimi, mzee huyu na baba yake walipunguza ndama. Walisema ana kikohozi."

Alikuwa na kikohozi kweli.

Jumatano, 14 Agosti

Elijah amerudi. Gisiri amekataa ng'ombe wa tisa. Anasema ng'ombe anao, huo mti hana. Mtu wa ajabu. Nilitaka kumdharau, lakini hapo kidogo ana akili.

Ijumaa, 16 Agosti

Leo nimeonyesha watu mimi ni nani.

Ninao mtini mwingine, naita Askofu. Mkubwa, majani mapana, hajawahi kuzaa hata siku moja. Truphena husema hata Yesu mtini wa namna hiyo aliulaani. Nimemhamisha Askofu kwa debe la mafuta kama lile la Nyarsindo. Nikachukua wembe, nikakata jani lake la juu, pembeni, kipande kilekile. Mama yao mwenyewe asingejua nani ni nani.

Ng'ombe wameondoka leo, na Askofu akapanda pikapu ya Elijah. Wesley amenishika mkono, macho yana maji. Amesema, "Asante Baba, najua haikuwa rahisi."

Nyarsindo nimemficha nyuma ya choo. Kivuli kizuri huko, na mbolea pia.

Jumapili, 18 Agosti

Askofu amerudi.

Elijah amemshusha hapo kwa geti mbele ya watu wakitoka kanisani, Filister akiwa wa kwanza. Ng'ombe Gisiri amebaki nao. Bhoke pia amebaki naye. Ujumbe wake ni huu: mtu wa ng'ombe hukata alama mbili. Moja mwizi aione, aiige. Ya pili ni ya mwenyewe.

Nimeenda nyuma ya choo. Nimegeuza debe pole pole. Chini kabisa, upande wa nyuma, jani dogo, limekatwa kwa ncha. Alikata saa ngapi? Mimi nilikuwa natazama chini, lakini sikutazama hapo.

Wesley hakupiga kelele. Ameuliza tu, "Mzee, hiyo mti itakuzalia wajukuu?" Halafu akalala kwa rafiki yake.

Ijumaa, 23 Agosti

Sijala. Si mambo ya mtini. Ni tumbo.

Wesley hajarudi. Truphena ananipikia na hasemi. Afadhali kelele.

Jumamosi, 24 Agosti

Niko kwa Gisiri. Naandika hapa sebuleni kwake, akiwa ameenda kuita ndugu zake.

Nimemleta Nyarsindo mwenyewe. Sikumweka nyuma ya pikapu, pale kuna upepo. Nimempakata kutoka Rangwe mpaka Migori, Migori mpaka hapa, jani moja ndani ya sikio langu. Wesley, tuliyempitia kwa rafiki yake, alikaa nyuma mahali pa Nyarsindo, amejaa vumbi. Elijah alisema anaendesha gari la bibi harusi. Nilimwambia aangalie mashimo.

Na hapo kwa mashimo ndiyo akili ilinijia. Nilipofika nilisimama mlangoni, debe mkononi, nikamwambia Gisiri kwa heshima zote: "Mzee, huyu ni binti yangu. Nimemtoa Sindo mdogo kama kidole, nimemlea. Kwetu binti haondoki bure. Yule ng'ombe mweusi atarudi nami leo."

Wesley alifunga macho.

Gisiri hakujibu. Alinitazama, akamtazama Nyarsindo, halafu akatazama chini, muda mrefu. 

Elijah alikuwa hapo. Nimemkumbusha maneno yake mwenyewe, mbele ya mkwe ukinyamaza. Elijah amekunywa chai tu.

Bhoke ameleta kikombe kingine. Amenyoosha mikono apokee debe, aliweke chini, ati ninywe vizuri. Mtoto ana adabu sana. Nimemwambia asijali, naweza kunywa kwa mkono mmoja.

Nje nasikia ng'ombe. Wanaletwa au wanafichwa, kutoka hapa sioni. Majani yamenizuia.